Rashasha: kaliba ipi, kilo ngapi?

SWALI: Nasoma uhandisi hapa Dodoma na naandaa mada ya semina kuhusu rashasha za kijeshi. RPK ni ya kaliba (kipenyo cha mtutu) ya milimita 7.62 na ina kilo 4.8, FN MAG nayo ni ya 7.62 lakini ina kilo 11.8. Kama kaliba ni ileile, hizo kilo 7 zaidi zina kazi gani? Na kwenye nchi ya wazi kama Bahi au Kongwa, ipi ingefaa?

JIBU: Kinachofanana ni kipenyo tu. RPK hula risasi ya 7.62×39 (namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita), nzima ikiwa na gramu 16 hivi. MAG hutumia 7.62×51, gramu 24 hivi, yenye baruti nyingi zaidi nyuma yake. PKM ya Kirusi hutumia ya tatu, 7.62×54R, iliyoanza kazi mwaka 1891. Hakuna inayoingia kwenye silaha ya mwenzake. Kwa hiyo katika jedwali lako andika namba zote mbili, kipenyo na urefu wa ganda, ukiandika 7.62 peke yake umechanganya silaha za makundi tofauti. Mtego huohuo upo kwenye 12.7×99 ya NATO na 12.7×108 ya Kirusi.

Kilo zinazozidi zimekwenda zaidi kwenye mtutu, mwili wa silaha na mfumo wa kulisha mkanda wa risasi. Rashasha ikipigwa mfululizo, adui wake wa kwanza ni joto. Mtutu wa RPK haubadilishwi vitani, na silaha ikinyamaza risasi inabaki chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inapolipukia. Mtutu ukiwa umechemka, risasi hiyo inaweza kulipuka yenyewe bila mtu kugusa kifyatulio. MAG hufanya kinyume: ukiachia kifyatulio bolti (kipande kinachosukuma risasi chemba) hubaki nyuma, chemba tupu, hewa inapita. Mtutu wake hutolewa kwa sekunde chache. Mwongozo wa Marekani wa M240, ambayo ni MAG yao, unataka mtutu ubadilishwe kila dakika 10 ukipiga risasi 100 kwa dakika, na kila dakika 2 ukipiga 200. Asiyebadilisha huanza kuona risasi zinatawanyika, kisha mifereji ya ndani inalika na mtutu haufai tena. Mtutu wa akiba una karibu kilo 3, na mara nyingi husahaulika kwenye hesabu.

Uzito pia hutuliza msukumo. Risasi ileile ikipigwa kwenye silaha ya kilo 7.5 badala ya 11.8, nishati ya kurudi nyuma huongezeka kwa karibu asilimia 57. Silaha inarukaruka kwenye miguu yake miwili, na risasi za mwisho za mkupuo hutawanyika mbali na shabaha.

Lakini usipime chuma peke yake. Chukua risasi 600 za mkanda. Za kaliba ndogo ya 5.56, kwa maboksi ya 200 yenye kilo 3.1 kila moja, ni kilo 9.3. Za 7.62×51, kwa kilo 3 kila mia, ni kilo 18. Ongeza silaha: Minimi, rashasha ya 5.56 yenye kilo 7 na ushei, inafikisha karibu 17, MAG karibu 30. Tofauti ni kilo 13, na zaidi ya nusu yake ni risasi. Ndiyo maana kupunguza chuma hakumalizi tatizo. M240L ilitengenezwa kwa titani ikashuka kutoka kilo 12.5 hadi 10.1, lakini mkanda ulibaki na uzito uleule.

Kwa Bahi ningetazama umbali kwanza. Tambarare ile humwonyesha mtu mbali, ingawa mchana mazigazi hupotosha kukadiria. Minimi ikiwa kwenye miguu miwili hupiga shabaha ya mtu mmoja hadi mita 600 hivi. MAG kwenye miguu mitatu hufika mita 800 kwa shabaha hiyo na 1,100 kwa eneo. Hapo 5.56 inaachwa. Kwa kikosi cha miguu ningechukua PKM: kilo 7.5, risasi ya nguvu kamili, na milango ya kuingizia mkanda na kutolea maganda yenye vifuniko vinavyojifunga dhidi ya vumbi. Gharama yake ni ukingo uliotokeza kwenye kitako cha ganda (ndiyo ile R ya 54R), unaolazimisha kucha kuvuta risasi nyuma kutoka kwenye mkanda kabla ya kuisukuma chemba. Mkanda ubaki ndani ya boksi. Ukiburuzwa ardhini hubeba mchanga, na silaha itakwama. Mafuta yawe kidogo, maana yakichanganyika na vumbi hugeuka tope la kusaga chuma.

Ya 12.7 iache kwenye gari. M2HB, rashasha nzito ya Kimarekani ya kaliba hiyo, ni kilo 38, miguu yake 20, boksi la risasi mia moja ni kama kilo 16.

Wamarekani mwaka 2022 walichagua 6.8×51 na rashasha M250 ya takribani kilo 6. Kwenye karatasi inavutia. Ila shinikizo lake ni kubwa kiasi kwamba kitako cha ganda kimefanywa cha chuma cha pua badala ya shaba, na rashasha nyepesi namna hiyo ina chuma kidogo cha kumeza joto. Kabla ya kuisifu kwenye semina, uliza mtutu wake unadumu risasi ngapi.