Usianze na ndoo ya sila: kwa kijana anayeingia kwenye kazi ya kusafisha pevingi

Mteja akipiga simu atakwambia pevingi zake zimechakaa, uje upake sila, yaani dawa ya kupaka juu ya vitofali ili kuvikinga, zirudi kung'aa. Siku ya kwanza nenda na jagi la maji tu. Mwagia kidogo getini, kidogo panapoegeshwa gari, kidogo chini ya mti, kisha chuchumaa utazame. Maji yakinywewa papo hapo na kitofali kikakolea rangi, ujue kiko wazi: hakijawahi kupakwa, au sila ya zamani imekwisha. Maji yakibaki matone juu, sila ipo, na ukipaka nyingine ya aina tofauti juu yake inaweza kubanduka vipande vipande. Hapo hapo mwite mwenye nyumba, mwonyeshe palipolowa. Umwambie rangi hiyo ndiyo atakayoiona kila siku akichagua sila ya kung'arisha. Wengine wakishaiona hawaitaki tena; wanachotaka ni sakafu isiyoshika uchafu. Hao wanunulie ile inayozama ndani ya kitofali bila kuacha ngozi juu. Utakuwa umejua cha kununua kabla ya kutumia hata shilingi.

Ukishamaliza, mwaga ndoo nzima uone maji yanaelekea wapi. Huku kwetu Dar es Salaam, penye unyevu wa bahari na kivuli cha miti, maji yakituama mahali ukijani unaoteleza utarudi hata upake sila ya bei gani. Vitofali vilivyodidimia ving'olewe, vijaziwe vumbi la mawe, vishindiliwe, virudishwe usawa. Ni kazi ya kuchosha na mteja hakuiita. Mweleze hivyo hivyo.

Madoa kila moja lina dawa yake. Ukijani na weusi wa kuvu hutoka kwa dawa ya klorini kama Jik iliyozimuliwa na maji: paka, acha dakika kumi hivi bila kuiacha ikauke, sugua, suuza. Maua yaliyo pembeni yamwagie maji safi kwanza na baadaye. Oili ya gari ikiwa mbichi, ifunike kwa maranda ya mbao au saruji kavu inyonywe, ndipo ulete sabuni. Ukianza na maji unaisambaza. Zambarau zilizoanguka na majani ya mkungu yaliyooza huacha rangi inayoingia ndani kabisa. Usimwahidi mtu kwamba itatoka yote.

Weupe ule kama unga wa chokaa huwatisha wateja kuliko vyote, nao ndio usio na shida sana. Chokaa iliyomo kwenye saruji huyeyuka ndani ya maji, maji yakipanda juu na kukauka, hewa inaigeuza kuwa ukoko mweupe. Kwa pevingi mpya, mvua na kufagia vinaupunguza vyenyewe kadiri muda unavyokwenda. Ndiyo sababu pevingi za juzi hazipakwi sila. Mimi husema subiri angalau miezi miwili, mitatu ni bora.

Kuhusu kuondoa madoa kwa asidi nina msimamo mkali. Mafundi wengi huimwaga ovyo kwa sababu inachemka na kuonyesha kazi inafanyika. Inachokula ni saruji yenyewe: rangi inafifia, mchanga unajitokeza, kitofali kinazeeka siku hiyo hiyo. Ikibidi, tumia kidogo iliyozimuliwa sana, kwenye kona isiyoonekana kwanza. Ni asidi inayomiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Na isikutane na dawa ya klorini hata kwenye ndoo isiyosuuzwa, maana gesi inayotoka hapo inaua. Glavu, gambuti na miwani si mapambo.

Mashine ya presha ni rafiki ukiijulia. Weka nozeli ya feni, inayotawanya maji kama upepeo, shika mbali kama sentimita 30, ilaze pembe. Ile ya sindano, inayotoa mchirizi mmoja mwembamba, inachora mistari ambayo haifutiki. Uliza pia habari za maji kabla ya kufika: mashine ndogo hunywa lita sita hadi nane kwa dakika, kwa hiyo tangi la lita 1,000 halidumu hata muda wa saa tatu. Nyumba inayonunua maji ya boza haifurahii kugundua hilo mchana.

Mashine itatoa mchanga kwenye viungo, na ni vizuri utoke, maana umejaa udongo na mizizi. Ndago usiikate juu. Ina viazi chini na itachipua tena, hivyo ng'oa kitofali uchimbe. Mchanga wa kujazia usubiri pevingi zikauke, nao uwe wa mtoni, mkavu, uliochekechwa. Wa baharini una chumvi. Fagilia ndani, gongagonga, ongeza, fagia tena mpaka usibaki hata vumbi juu, kwa sababu sila itakayopita juu yake italigandisha hapo daima.

Sasa kukauka, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kitofali kinaweza kuwa kikavu juu na kimelowa tumboni. Gundisha kipande cha nailoni kwa selotepu pande zote jioni, ukifunue asubuhi. Ukikuta jasho chini yake, rudi nyumbani. Sila ya kung'arisha ikifungia maji ndani, inageuka ukungu mweupe, na kuiondoa ni gharama kuliko kuipaka. Masika usipokee kazi hii kabisa. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yake. Na usipake jua la saa saba likiwaka, kwani itakauka juu kabla haijashika.

Kupaka kwenyewe ni kwepesi: rola, tabaka mbili nyembamba, ya pili baada ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Palipotuama, sambaza mara moja. Ngazi na pembeni mwa bwawa usipake ya kung'aa bila kuchanganya unga wa kuzuia utelezi. Kwa sila yenye harufu ya tina, ile ya kuzimulia rangi inayoshika moto, hakuna sigara wala jiko la mkaa karibu.

Kwa kawaida miguu isubiri siku nzima, magari siku mbili tatu. Funga kamba getini, na maelezo mpe mlinzi pia, maana mwenye nyumba atakuwa kazini na geti atalifungua yeye.