Kwa nini Yohane Mbatizaji amechorwa chini ya msalaba?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Katika kitabu cha picha takatifu nimeona Kristo msalabani, mwili umejaa vidonda, na kando yake yupo Yohane Mbatizaji pamoja na mwanakondoo anayetokwa damu. Je, Yohane hakuwa amekwisha kuuawa na Herode? Mchoraji hakupotosha Maandiko?

JIBU: Milele amina. Hiyo ni picha ya altare ya Isenheim, kazi ya Matthias Grünewald ya miaka ya 1512 hadi 1516 hivi, ambayo sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya Unterlinden mjini Colmar, Ufaransa. Ni kweli kwamba Yohane alikuwa amekwisha kukatwa kichwa (Mk 6:27), na mchoraji hakukusudia kusema kwamba alikuwepo Kalvari siku ile. Amemweka pale kama nabii ambaye upanga haukuweza kuunyamazisha ushuhuda wake. Ndiyo maana kidole chake kirefu kinamwelekea Kristo, na karibu na mkono huo yameandikwa kwa Kilatini maneno yake mwenyewe: “Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua” (Yn 3:30). Mwanakondoo aliye miguuni pake ndiye yule aliyemtangaza katika Yn 1:29, na damu yake inachuruzikia ndani ya kalisi, ili mwamini aliyehudhuria Misa mbele ya altare hiyo atambue kwamba sadaka ya msalaba na ya Misa ni ileile moja.

Vidonda navyo vina sababu yake. Watawa wa Mtakatifu Antoni wa Isenheim waliwahudumia watu wenye ugonjwa ulioitwa moto wa Mtakatifu Antoni, uliotokana na mkate wa nafaka iliyoingiwa na kuvu, ambao uliozesha viungo hata vikalazimika kukatwa. Mgonjwa aliyefikishwa mbele ya picha hiyo alimwona Bwana mwenye ngozi iliyoharibika kama yake. Wapo wanaoiona picha hii kuwa ya kutisha mno kuwekwa kanisani. Mimi nadhani wamesahau Isaya sura ya 53, juu ya Mtumishi wa Bwana aliyejeruhiwa kwa makosa yetu.

Lakini usiishie hapo, kwa maana mbao zilizochorwa za altare hiyo zilifunguliwa kama milango wakati wa sikukuu, na ndani yake Kristo yuleyule anatoka kaburini akizungukwa na nuru, ngozi yake safi kabisa, huku matundu ya misumari yakiwa bado yanaonekana, kama Tomaso alivyoonyeshwa (Yn 20:27). Ikiwa kitabu chako kimechapa upande wa msalaba peke yake, basi kimekupa nusu ya picha.