Mfamasia Anajibu: "Mwanangu anachunguza unga"

SWALI: Mfamasia, salaam. Mwanangu ni mtafiti wa chuo kikuu, upande wa utengenezaji wa dawa. Majirani huniuliza amegundua dawa gani, nami sina jibu. Nilipomuuliza mwenyewe, akasema anachunguza unga unavyochanganyika. Kusoma kote kule, unga tu? Halafu asprini zangu za jikoni zinanuka siki. Bado zafaa?
Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Shikamoo Mama. Nianze na asprini, maana hiyo haingoji: usizimeze. Unyevu umeivunja dawa ikatoa asidi ya siki, ndiyo harufu unayoisikia. Zipeleke duka la dawa wakuelekeze, na mpya usiziweke jikoni, kwa mvuke wa sufuria na joto letu hili la pwani.

Sasa huyo kijana. Chukua kidonge cha glibenklamidi, cha kisukari. Dawa yenyewe ni miligramu 5; kinachobaki ni wanga na vitu vingine vya kujazia. Miligramu hizo zisipoenea sawasawa katika unga unaotengenezewa vidonge, mgonjwa mmoja atameza pungufu, mwenziwe sukari itamshuka mpaka aanguke. Na usidhani jibu ni kukoroga zaidi. Unga mwingine ukizidi kukorogwa, chembe kubwa na ndogo huanza kutengana upya!

Desturi ya zamani ni kumaliza kazi kwanza, kisha vidonge vichache vipelekwe maabara. Kipimo cha usawa wa dawa huanza na vidonge 10, ilhali fungu moja, yaani vidonge vilivyotengenezwa kwa mkupuo mmoja, laweza kuwa na laki kadhaa. Tena kilichopimwa kimeshayeyushwa, hakiuziki. Mimi hesabu hiyo haijawahi kuniridhisha.

Wenzake mwanao hutia kidirisha kwenye pipa la kuchanganyia. Mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, hupigwa kwenye unga, na unaorudi husomwa na kompyuta: unyevu umebaki kiasi gani, dawa imeenea vipi. Pipa husimamishwa unga ukiwa tayari, hata kama saa iliyopangwa haijafika. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa mwongozo wa kuhimiza njia hii mwaka 2004. Mwaka 2016 ikaruhusu Prezista, dawa ya VVU iliyokuwa ikitengenezwa fungu kwa fungu, itengenezwe kwa mfululizo, unga ukiingia huku na vidonge vikitoka kule bila kusimama.

Kwa hiyo majirani waambie hajagundua dawa, na wala siyo kazi yake. Naye akipiga simu, muulize unga wake ni wa mafungu au wa mfululizo. Ila uwe umekaa kitako, simu hiyo haitakatika upesi.