Roho yanichafuka si ugonjwa wa moyo (kwa aliyeuliza lugha ya hospitali)

Dadangu ulouliza, wasomea uuguzi, ushajaza daftari zima kwa kutafsiri maneno ya hospitali moja moja na wagonjwa bado huwaelewi, shida ni hiyo moja moja. Maneno ya ugonjwa yatembea mawili mawili, neno na mwenzake.

Mimi nimekaa kaunta ya duka la dawa Kongowea, Mombasa, miaka 6, na kabla ya hapo nlikuwa nampeleka nyanyangu kliniki. Siku moja akamwambia daktari, kijana wa bara, "mwanangu, roho yanichafuka." Yule kijana akaandika moyo, tukatumwa kupimwa moyo, foleni tangu asubuhi hadi adhuhuri, pesa zikatoka, kumbe bibi ataka kutapika tu! Roho kuchafuka ni kichefuchefu, basi. Ila ukimwambia mtu ana roho chafu hapo ni ugomvi haha.

Kwa hivyo sikiza kitenzi. Tumbo likinyonga si sawa na tumbo likichoma, la kunyonga lasokota halafu laachia. Kichwa chawanga, kifua chabana. Presha na sukari zapanda na kushuka, damu nayo hupungua, huongezwa, huganda. Na "ana presha" maana yake iko juu, ilhali ukipima neno kwa neno asiye na presha ni maiti, na "hana damu" vilevile, maana yake imepungua tu. Kifua kikuu (TB) nacho usikibadili neno, ukisema kifua kikubwa hicho ni cha jamaa wa jimu.

Vitabuni kuna "upungufu wa": damu, kinga, maji mwilini. Lakini mama wa Kisauni hakwambii mtoto ana upungufu wa maji, atakwambia aharisha, macho yameingia ndani, alia hatoi machozi. Ndio huo huo.

Mimi naogopa zaidi dozi. Pakiti ya 2x3, yaani vidonge viwili mara tatu kwa siku, nlimpa mzee mmoja nikamwambia mbio mbio "mbili, mara tatu", akaenda akameza mbili kwa siku, siku tatu, akaacha, akarudi kunigombeza ati dawa haifanyi kazi. Kosa langu. "Tatu kwa siku" na "kwa siku tatu", maneno ni yale yale. Sasa nasema mbili asubuhi, mbili mchana, mbili usiku, mpaka ziishe, na mgonjwa haondoki kaunta kabla hajanirudia maneno hayo kwa mdomo wake mwenyewe.