Mtoto anakariri kitabu, hasomi

Pole dada. Umesema mwanao wa darasa la pili anasoma kitabu chake cha shule bila kukwama, lakini ukimpa kingine anabaki kutazama picha. Huyo amekariri, na wala si mzembe. Kuitikia na darasa zima "ba be bi bo bu" kumemzoesha wimbo tu.

Mpime leo jioni. Mwandikie maneno yasiyo na maana: lobe, fukami, tipeka. Akishindwa, tatizo ni kuunganisha herufi na sauti. Mwaka 2000 jopo la kitaifa la Marekani lilipitia tafiti nyingi za kusoma na kuona kwamba watoto wanaofundishwa uhusiano huo kwa mpangilio husoma vizuri zaidi. Na Kiswahili chetu kinambeba mtoto: irabu tano tu, na kila moja hutamkwa vilevile popote ilipo.

Mfundishe sauti kabla ya jina la herufi. Mtoto aliyeshika kwamba b ni "be" akikutana na "ba" anasoma "be-a", halafu tunamgombeza! Tamka "bbb-a, ba", aseme nawe huku kidole chake kikifuata herufi. Vinavyochanganya kama ng na ng' viache mpaka silabi nyepesi zikae. Neno "mtu" lipigieni makofi mawili pamoja, m-tu, kofi moja kwa kila silabi.

Dakika kumi na tano kila siku zinatosha. Usiache kumsomea hadithi pia, msamiati hauji kwa silabi. Ukishampima, niambie alikwama wapi.