Alizeti za Asili kwa Bustani ya Nyuki, Vipepeo na Ndege

Swali: Nina bustani ndogo katika majimbo ya kati ya Marekani. Nichague alizeti ipi?

Amerika Kaskazini ina zaidi ya spishi 50 za alizeti, na kila moja ina maeneo yake ya asili, hivyo anza kwa kuuliza ni zipi huota zenyewe katika jimbo lako. Kwa eneo dogo lenye jua, Helianthus annuus ya porini, ambayo huishi mwaka mmoja na kutoa matawi mengi yenye vichwa vidogo, inatosha kabisa. Penye kivuli chepesi cha miti, H. divaricatus itastahimili. H. maximiliani ni nzuri mno, lakini huweza kufikia mita 3 na husambaa kwa mashina yanayotambaa chini ya udongo.

Swali: Je, alizeti zinazopandwa kwa ajili ya kupamba vyumbani hazifai?

Kwa nyuki, nyingi hazifai, kwa sababu zimezalishwa makusudi zisitoe chavua. Wako nyuki wapweke, hasa baadhi ya wale wa jenasi Melissodes, ambao huwalisha watoto wao chavua ya alizeti na jamaa zake wa karibu tu. Nektari peke yake haiwasaidii kulea. Chunguza kichwa cha alizeti ya porini asubuhi: ni mamia ya maua madogo yanayofunguka kwa zamu, kuanzia ukingoni kuelekea katikati, kwa siku kadhaa. Nyuki jike huzunguka juu ya ule ukanda uliofunguka siku hiyo, na manyoya marefu ya miguu yake ya nyuma hujaa unga wa manjano hadi akaonekana amevaa suruali.

Swali: Viwavi weusi wanatoboa majani. Nipulize dawa?

Tafadhali usipulize. Huenda ni watoto wa kipepeo Chlosyne nycteis, ambao hula kwa makundi wakiwa wachanga, na mmea uliokomaa huvumilia kupoteza majani kadhaa. Epuka pia mbegu na miche iliyotiwa dawa za kuua wadudu za aina ya neonikotinoidi, kwani sumu hiyo husafiri ndani ya mmea mpaka kwenye chavua.

Swali: Niweke mbolea?

Hapana. Naitrojeni nyingi hurefusha shina likawa laini, kisha likaanguka.

Swali: Maua yakishakauka, ning'oe?

Viache vichwa vyake wakati wote wa baridi, kwa kuwa ndege wala mbegu, wakiwemo Spinus tristis wa manjano, huvitegemea. Majira ya kuchipua yakifika, kata mashina ukibakiza visiki vya sentimita 30 hadi 60. Nyuki wadogo huchimba ndani ya moyo laini wa visiki hivyo na kutaga mayai, na kwa kawaida kizazi hicho hutoka mwaka unaofuata. Kwa hiyo visiki vya mwaka huu visiguswe, hata kama vinaonekana vimeoza, na majani mapya yatavifunika.