Kuuza laptopu kwa usiyemjua: ulipwe vipi?

Kwa aliyeuliza namna ya kulipwa shilingi 45,000 hapa Kenya na mnunuzi aliyempata mtandaoni: M-Pesa inatosha, ila usiamini ujumbe peke yake. Matapeli hutunga SMS inayofanana kabisa na ya kweli, yenye jina, kiasi na hata salio. Angalia mtumaji: ya kweli hutoka kwa MPESA, si kwa namba ya 07 au 01. Usiishie hapo. Piga *334#, uangalie salio lako mwenyewe, na usikabidhi kitu kabla halijapanda. Akikuonyesha kwenye simu yake, huo si uthibitisho.

Hatari ya pili wengi huisahau: analipa kweli, anaondoka na laptopu, kisha anatuma ujumbe wa muamala kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe, akidai alikosea namba. Ndiyo maana nasisitiza karatasi ya mauziano iwe ushahidi wako, tena nakala mbili, papo hapo: bei, namba ya laptopu iliyobandikwa chini yake, msimbo wa muamala, jina, namba ya kitambulisho, sahihi zenu wote. Jina lililo kwenye ujumbe lilingane na kitambulisho. Likiwa la "binamu yangu", kataa. Huenda pesa ni za mtu aliyetapeliwa kwingine.

Akitaka kulipa taslimu, kutaneni ndani ya benki yako mchana, keshia azihesabu na kuziingiza kwenye akaunti. Cheki usipokee, labda ukae na laptopu hadi cheki iive, yaani pesa ziingie kwenye akaunti yako.

Na akiomba utume kwanza "ya boda", achana naye.